Mpe Rehani Mkono

Bibi Maimuna alikata roho Jumatatu asubuhi, nyumbani kwake Kilwa Kivinje. Kabla hajatamka shahada alimtazama mjukuu wake Ziada, kisha akamtazama mwanamume aliyesimama mlangoni, akasema kwa sauti iliyokwisha kukauka, "Ziada, mpe Rehani mkono."

Ziada alikuwa na miaka kumi na sita. Alilelewa na bibi huyo tangu mama yake, Sauda, alipoolewa mara ya pili huko Sudi, na hakuwahi kumkatalia jambo. Alidhani mzee anataka wapatane mbele yake, wasije wakagombana baada ya maziko. Akanyoosha mkono. Rehani akaupokea kwa mikono miwili, akauinamia, na Ziada akahisi kitu chembamba kikimchoma juu ya kiganja, mahali wauguzi wanapopimia mapigo ya moyo. Ilikuwa kama mwiba wa mdimu. Alipouvuta mkono wake akaona bibi analia.

"Nisamehe mjukuu wangu," Bibi Maimuna akasema. Ndipo akatamka shahada, akaenda zake.

Mtaa mzima ulimjua Rehani kuwa mtumishi wa nyumba ile. Alichota maji, alipasua kuni, aliezeka upya makuti yaliyong'olewa na upepo. Alfajiri alikwenda msikitini, akasimama safu ya mwisho. Jua la mchana lilimuumiza, hivyo alipotoka alijifunika kanga kichwani, na watoto walikuwa wamezoea hata hawakumcheka tena. Ukimtazama ungesema ana miaka arobaini. Lakini wazee wenye miaka themanini walisema walipozaliwa walimkuta pale pale, na wakishasema hivyo walibadilisha mazungumzo.

Alhamisi matanga yalianuliwa, mikeka ikakunjwa, watu wakatawanyika. Ziada akamkuta Rehani uani amekalia mbuzi, anakuna nazi.

"Shikamoo mjomba."

Siku zote Rehani alimjibu "marahaba mwanangu". Siku ile aliweka kifuu chini, akajipangusa mikono, akapiga magoti kwenye mchanga.

"Shikamoo, bibi," akasema.

Ziada akarudi nyuma hatua moja. "Mjomba, unanitania?"

"Sikutanii. Nimekuacha ulie siku tatu, maana msiba una heshima yake. Leo lazima nikwambie."

Akamwambia. Katika vita vya Majimaji alikutwa amelala kwenye mikoko, anakufa, na mwanamke aitwaye Tawakali, bibi yake marehemu Maimuna. Kiu alikuwa nayo tayari wakati ule. Aliyempa kiu ile na jinsi alivyompa, yeye mwenyewe hakumbuki. Tawakali alikuwa amejikata kidole akitafuta kaa. Alipomwinua kichwa ili amnyweshe maji, damu ile ilimwingia mdomoni, na Rehani akafumbua macho. Kwa furaha ya mtu aliyerudishiwa uhai akaapa kwamba atamtumikia yeye na uzao wake, maadamu wanampa tone la kumfikisha wiki nyingine.

"Ulimi ndio ulioniponza," alisema. "Mwenyewe niliapa, hakuna aliyenilazimisha. Tangu hapo nakunywa kila Alhamisi, kidogo tu, kwa mmoja wenu. Nikikosa naanguka. Na yule niliyefungwa kwake huanguka pia."

"Na kama sitaki?"

Rehani akainamisha kichwa. "Ulinipa mkono, bibi."

Ziada alikimbilia ndani akampigia simu mama yake. Sauda alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Amekugusa?"

"Bibi aliniambia nimpe mkono."

Ziada hakuwahi kumsikia mama yake akilia namna ile, kilio cha mtu aliyefika makaburini akakuta wenzake wameshazika.

Kesho yake adhuhuri Sauda alikuwa Kivinje. Hakusalimia mtu. Alimshika binti yake mkono, akakiona kidonda kidogo, chekundu, mfano wa alama ya sindano, akakaa chini palepale kizingitini.

"Mimi nilipokuwa na miaka kumi na minne mama aliniambia nimpe mkono," alisema. "Nikakataa. Nikatoroka, nikalala kwa shangazi siku tatu. Mama akasema basi, mzigo huo ataubeba yeye mwenyewe mpaka mwisho. Nikadhani anasema mpaka mwisho wa jambo lenyewe, Ziada. Kumbe ni mwisho wake yeye. Nikakuacha hapa. Nikakuacha hapa kwa mikono yangu!"

Jumamosi walimleta Mwalimu Mudathiri wa madrasa, mtu aliyesifika kwa kutoa majini. Alisoma tangu saa mbili mpaka adhana ya adhuhuri, akatema maji, akasoma tena. Rehani alikaa mbele yake ametulia, amekunja miguu, na kila dua ilipofika mwisho alisema "Amin" kwa sauti kubwa kuliko wote. Mwishowe mwalimu alifunga msahafu, akafuta jasho.

"Huyu si jini," alimwambia Sauda faraghani. "Jini ningemjua. Huyu ni mja aliyekula kiapo. Sasa mimi nitamtoa nani, na nimtoe wapi?"

Hakupokea hata nauli. Alitoka akitembea haraka, nao wakasikia komeo la geti likigonga nyuma yake.

Sauda akaona dawa iliyobaki ni umbali. Jumapili alimfungia binti yake nguo. Walipokuwa wanatoka, Rehani alikuwa ameegemea ukuta wa jiko, uso umemparara kwa kuikosa Alhamisi yake.

"Mwamrishe asikufuate," Sauda akasema. "Si mtumishi? Basi mwamrishe!"

Ziada akamtazama mtu aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo, aliyemfundisha kusuka ukili, aliyemsubiri nje ya shule siku za mvua akiwa na mwavuli mmoja asioutumia yeye. Akasema, "Mjomba, usinifuate."

"Nimesikia, bibi."

Walifika Sudi jioni. Jumatatu asubuhi Ziada aliinuka kitandani, akapiga hatua mbili, akaanguka. Kule zahanati tabibu Benjamin alipima damu mara mbili, maana hakukiamini kipimo cha kwanza.

"Ni sita," alisema. "Mama, huyu mtoto ametoka damu wapi?"

"Hakuna. Hajatoka damu popote."

Wakampa vidonge vya kuongeza damu. Sauda akamnywesha juisi ya rosela, akamchemshia maini, akamlisha mchicha kama anayelisha kuku wa mashindano. Kesho yake ilikuwa tano na nusu. Tabibu akataka apelekwe Lindi mjini haraka akaongezewe. Akapelekwa, akatundikiwa chupa mbili, wakamlaza. Asubuhi damu ikarudi pale pale, mithili ya maji kwenye mtungi uliotoboka. Daktari aliandika, akafuta, akaandika tena. Siku ya nne akamwita Sauda pembeni na kumwambia kwa upole kwamba akipenda anaweza kumpumzisha mgonjwa nyumbani. Ndugu mmoja wa mumewe alikuwa na chumba mtaa wa Rasbura, pale pale Lindi, wakamlaza huko.

Ziada aliyasikia yote. Hakuwa na nguvu ya kufumbua macho, lakini masikio yalikuwa macho. Alimsikia mama akibadili nadhiri na Mungu kila saa: atafunga miezi mitatu, atafunga sita, atafunga umri wake wote. Alitaka kumwambia anyamaze, alale. Badala yake mdomo wake ulitoa jina moja, na hakujua kama analiita au analikumbuka tu.

"Rehani."

Mama akaikatisha nadhiri yake katikati.

Rehani alifika baada ya siku tatu, asubuhi, watu wanakunywa chai. Watoto wa jirani walimwona kwanza wakapiga kelele kwamba kuna maiti inatembea. Alikuwa ametembea kutoka Kivinje. Kanga ya kichwani ilikuwa imechanika vipande, nyayo zimechunika, na ngozi ya uso imekaza juu ya mfupa. Mlangoni alishindwa kusimama, akaingia kwa magoti.

"Aliambiwa asinifuate," Ziada alisikia sauti yake mwenyewe ikinong'ona.

"Sikukufuata, bibi. Nilikaa jikoni pale uliponiacha. Kisha ukaniita."

Sauda alisimama katikati yao. Akakunja mkono wa baibui, akamnyooshea Rehani mkono wake mtupu mbele ya macho. "Kunywa kwangu! Mimi ndiye nilimzaa. Damu ni ile ile. Kunywa, mwache mtoto!"

Rehani alijaribu. Ziada aliyafumbua macho kwa shida akamwona ameuinamia ule mkono, anafyonza. Kisha akageuka akatapika sakafuni, kitu cheusi kama wino wa pweza, na akalala ubavu akihema.

"Haipiti," alisema. "Nisamehe, bibi Sauda. Ulinikataa zamani. Ulikuwa na haki. Lakini haipiti."

Nje mtu alikuwa anapiga honi ya bodaboda akiita abiria, tena na tena, kama vile hakuna lililotokea duniani.

Sauda alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Aliuchukua mkono wa Ziada, akaushika kwa mikono yake yote miwili, mmoja kwenye kiwiko na mmoja kwenye vidole, vilevile alivyomshika kliniki alipokuwa mchanga akidungwa chanjo. Akageuza uso ukutani.

"Njoo," akamwambia Rehani. "Njoo basi. Upesi, kabla sijabadili nia."

Hakukuwa na maumivu makubwa. Palikuwa na mwiba, kisha baridi, kisha joto lililopanda mpaka begani, na Ziada akapata njaa kwa mara ya kwanza tangu Kivinje. Alilotamani asilione ni mgongo wa mama yake, jinsi ulivyokuwa ukiruka kwa kwikwi bila sauti, na mikono yake isilegee hata kidogo.

Mwezi ule ule walirudi Kivinje wote watatu. Sauda alimwomba mumewe ruhusa, akapewa, na mume akaanza kuja kwa nadra mpaka ikawa haji. Damu ya Ziada ilipanda hadi kumi, ikagoma hapo. Akafanya mtihani wa kidato cha nne, akafaulu, akachaguliwa shule ya bweni Tabora, mchepuo wa sayansi. Barua ilikaa juu ya kabati wiki mbili. Hakuna aliyeitaja. Siku ya kuripoti ilipopita, Sauda aliiondoa akipangusa vumbi.

Jioni moja baada ya alasiri Ziada alimkalisha Rehani uani, akasimama mbele yake, akasema kwa sauti ya hakimu, "Nakuamuru uwe huru. Uende utakako, usinywe kwangu, nisikudai wala usinidai."

Rehani alisikiliza kwa adabu. Akainuka, akatembea mpaka getini. Akasimama pale. Ziada alimsubiri afungue komeo. Alisubiri mpaka kuku wakaingia bandani. Hatimaye Rehani akageuka, na kwa mara ya kwanza Ziada akamwona ameona haya.

"Mguu hauendi, bibi. Maimuna naye alinipa amri hiyo, zaidi ya mara moja. Nilisimama hapa hapa."

"Wewe mwenyewe ungependa kwenda?"

"Kila siku," akasema.

Akarudi, akawasha moto. Sauda alikuwa anachambua mchele barazani, amesikia, wala hakuinua kichwa.

Ziada akaketi kwenye kigogo karibu na jiko. Akasema alichokuwa amekifikiri tangu Rasbura.

"Mimi sitazaa, mjomba. Au nikizaa, sitamwambia mwanangu akupe mkono. Nitafunga mdomo mpaka nife. Itakuwaje siku hiyo?"

Rehani alipuliza moto, majivu yakamrukia nyusi.

"Sijui, bibi," akasema. "Sijawahi kufika huko."