Presha Nyuma ya Sikio

Jumatatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi, fundi wa mgawo wa maji alisimama kwenye kona ya mtaa wa washonaji, ufunguo wake mrefu wa chuma begani, akashindwa kukumbuka kama valvu ilikuwa kushoto kwa nguzo ya umeme au kulia. Alisimama dakika mbili. Kisha akakumbuka, akafungua, maji yakaenda. Hakuna aliyeona.

Yeye aliona. Mji ulikuwa na valvu mia moja na kumi na nne chini ya ardhi, na ramani yake iliharibika ofisi ilipohamishwa. Tangu hapo, kwa miaka ishirini na miwili, ramani ilikuwa kichwa chake. Ofisini walimwita Mzee Ramani, na hawakuwa wanatania.

Alikwenda kwa daktari. Daktari alimtajia maneno matano ayarudie, akamwambia achore saa, akamwuliza tarehe. Alipata ishirini na tisa kati ya thelathini. Alikosa tarehe, ambayo daktari mwenyewe aliitafuta kwenye simu kabla ya kumsahihisha.

"Mzima kabisa," daktari alisema. "Ni wasiwasi tu."

Nyumbani alichukua geji anayopimia presha ya mabomba, akaibandika nyuma ya sikio la kushoto. Ilishika kama inavyoshika kwenye bomba. Mshale ulisimama kwenye mbili na nusu. Damu ilikuwa inampanda kichwani kwa mgawo.

"Hebu nipime na mimi," mkewe alisema. Kwake mshale ulisimama kwenye nne.

"Wewe unatosha kulisha mtaa mzima."

"Ndiyo maana sijasahau ulichoniahidi mwaka tuliooana. Nenda kamwambie bosi wako."

Meneja alikuwa kijana mwenye adabu. Aliisoma geji, kisha akasoma cheti cha daktari.

"Mzee wangu, cheti kinasema huna tatizo."

"Tatizo lipo, bosi. Ila halijafika kwenye cheti. Nipe mtu mmoja, wiki mbili tu. Nitembee naye, nimwonyeshe zote."

"Mrithi hutolewa fundi akistaafu, au akithibitika mgonjwa. Wewe si huyu wala si yule."

"Sasa hivi bado ninazo zote."

"Basi hongera, Mzee," meneja alisema, akamrudishia geji yake.

Mwezi uliofuata mshale ulishuka hadi mbili, akausahau mtaa wa washonaji. Alipelekwa huko na gari la idara ya maji. Kushoto kwa nguzo hapakuwa na valvu, wala kulia. Alichimba. Chini palikuwa na udongo ambao haujawahi kuguswa na jembe, bila bomba, bila hata kutu ya bomba. Mshonaji mmoja alitoka nje, utepe wa kupimia shingoni.

"Mzee, umetusahau?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Ukitukumbuka, tupo."

Akaingia ndani kutafuta ndoo.

Baada ya hapo ilikauka mitaa ya bondeni, kisha zahanati, kisha shule ya chekechea. Walio mwisho wa bomba hukauka kwanza; hilo kila fundi wa maji analijua. Ofisi ya idara ilikuwa chini ya tangi, na mabomba yake hayakupungua hata tone. Meneja alipokea malalamiko kila asubuhi na kuyajibu yote kwa barua nzuri.

Fundi alirudi kwa daktari mara tatu. Alipata ishirini na nane, ishirini na saba, ishirini na tano.

"Ugonjwa tunauhesabu kuanzia ishirini na tatu kushuka chini," daktari alimweleza. "Bado uko juu. Furahi."

Mara ya nne alipata kumi na tisa. Geji ilisoma nusu. Cheti kilitoka siku hiyohiyo, na kesho yake meneja, kama taratibu zinavyotaka, akampa mrithi: mhandisi wa kike mwenye buti imara na daftari jipya. Walitembea wiki mbili. Fundi alimtembeza kwa uangalifu, akamwonyesha kuta, milango na vivuli vizuri vya kupumzikia. Mhandisi aliandika kila kitu. Siku ya tisa fundi alimwuliza kwa upole anamtafuta nani.

Siku ya makabidhiano mkewe alimsindikiza, kwa sababu hakuwa akitoka peke yake tena. Mhandisi alisoma ripoti: valvu sita. Meneja aliandika kwamba kazi imekamilika, akamwonyesha fundi mahali pa kuweka saini.

"Ungetuambia mapema, Mzee," alisema, na hakuwa na kejeli yoyote.

Mkewe alifungua kinywa, lakini fundi alimtangulia.

"Nisamehe, bosi," alisema. "Sikujua."

Meneja alimsamehe, akagonga muhuri.