Vitunguu Juu ya Glasi

Mpishi wa shule alianza masomo ya jioni akiwa na miaka hamsini na miwili, na katika masomo yote alipenda biolojia. Siku mwalimu alipoeleza kwamba mimea mingine ina alkaloidi, yaani kemikali zenye uchungu, na kwamba baadhi yake ni sumu inayoweza kukata nyuzi za urithi ndani ya chembe hai, kalamu ilimgoma mkononi. Binti wa dada yake, mwenye mimba ya miezi mitatu, alikuwa akinywa maji ya majani machungu kila asubuhi kutuliza kichefuchefu.

"Mimi nilikunywa hayo hayo nikiwa na mimba ya huyu," dada yake alisema mpishi alipowaonya. "Ana kasoro gani?"

"Uvivu tu, dada."

"Huo kaurithi kwa baba yake."

Binti alicheka, akamaliza kikombe.

Mwalimu alimwonyesha mpishi namna ya kupima: kitunguu kimoja juu ya glasi ya maji matupu, kingine juu ya maji ya majani, kisha kutazama mizizi. Aliviandaa jikoni kwake, akapiga magoti kando ya meza. "Mungu wangu, nionyeshe ilivyo, si ninavyotaka mimi."

Siku ya nne, kitunguu cha majani hakikuwa na mzizi hata mmoja. Alikuwa ameshavaa viatu aende kwa dada yake alipokitupia jicho kile cha maji. Nacho kilikuwa kipara.

Akavibeba vyote hadi darasani. Mwalimu alivigeuza, akaangua kicheko. "Mama, umekata vitako. Mizizi itaota wapi?"

Miaka thelathini ya jikoni. Mkono ulikata wenyewe bila kumuuliza. Mpishi alicheka mpaka machozi, kisha akamshukuru Mungu kwamba hakuwa amempelekea dada yake ushahidi wa uongo.

Mara ya pili hakugusa vitako. Kitunguu cha maji kiliota ndevu nyeupe. Cha majani kilitoa vijizizi vifupi vilivyodumaa. Akamshika dada yake mkono hadi darasani. Mwalimu alipaka rangi ncha za mizizi, akaziweka chini ya hadubini.

Dada alitazama kwa muda mrefu. Upande wa maji, nyuzi za urithi ziligawanyika sawasawa. Upande wa majani, zilikatika vipande, vingine vimeachwa nyuma.

"Kitunguu si mtu," mwalimu alisema. "Siwezi kuapa kwamba mtoto angedhurika. Lakini mjamzito nisingempa."

Dada alimgeukia mpishi. "Na vile vya kwanza? Nasikia havikuota kabisa."

"Nilivikata vitako, dada. Vyote viwili. Havikuonyesha kitu."

"Ungeweza kunidanganya navyo."

"Ningeweza."

Dada alijifunga khanga vizuri. "Haya. Majani nayatupa leo."

Asubuhi waliongozana watatu hadi kliniki. Nesi alimpa binti dawa ya kichefuchefu, akamlaza, akapitisha kipimo tumboni. Moyo wa mtoto ulisikika ukienda mbio. Dada alijifuta macho kwa ncha ya khanga. Mpishi alishukuru kimoyomoyo, akatoka kwenda kazini, amechelewa na hana wasiwasi.