Komunike ya Mbuzi

Saksofoni ilianza kulia mu radio, na Adèle akashusha dirisha ya butike yake puu! Muteja akabakia inje, sabuni mu mukono.

"Ni wapi tena?" Adèle akaniuliza.

"Ngoja basome. Pengine Beni, pengine karibu."

Njo vile tunaishi hapa Butembo. Ile saksofoni ikilia, kila mutu anajua komunike ya kifo inafuata. Anafunga duka, anatafuta kitambaa ya kichwa, anauliza ni wapi. Machozi hapana. Machozi tuliisha kutumia yote, tukabakia na vitambaa.

Lakini ile muziki haikutungwa juu ya kifo. Ni wimbo ya mujukuu yangu Abigaïl. Alitunga mwenyewe, akaimba mwenyewe na gita yake, na Éliakim wa fanfare ya kanisa akamupulizia saksofoni. Abigaïl anasema ni jazz, ile ya polepole yenye kuingia mu sikio bila kubisha hodi. Akaiita Ukungu ya Alimbongo, juu kule njo kwa kina mama yake, na kule hata jua inavaa koti.

Akaipeleka kwa Melchior, mutangazaji wa radio ya mutaa. Melchior akaipenda. Akaipenda mpaka akaiweka chini ya komunike za vifo, asubuhi, saa sita na magaribi. Muziki ya vile kwao radioni banaiita tapis. Donc mutoto ameimba, yeye anamutandika chini sawa mukeka, anapanda juu yake na kusoma majina.

"Koko," Abigaïl akaniambia ile magaribi, "hakuna mutu hata moja amesikia ile wimbo mpaka mwisho. Hata weye."

Ilikuwa kweli. Miye nilikuwa ninaizima. Tangu mwana wangu Ananie, baba ya Abigaïl, abakie mu barabara ya Kasindi na kamio yake ya mizigo, mwili yangu yote iko sawa muguu yenye mutu amekalia sana. Ganzi. Ninakula, ninalala, ninachekesha batu. Pasta akileta pole, ninamuuliza kama mahubiri itakuwa fupi. Batu banasema Koko iko na nguvu. Nguvu gani? Kiti pia hailie.

"Kesho kamio ya Lusenge inaenda Kasindi," akasema. "Nitauza gita kule, nirudi na vitenge. Kitenge, batu banaiangalia mpaka kwenye pindo."

Ile gita, Ananie njo alimuletea. Nikaenda nyuma ya jikoni kuangalia mbuzi yetu, yenye ilikuwa imezaa asubuhi, na pale akili ikanijia.

Siku yenye kufuata, mapema, nikabeba bidon ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, nikafika radioni. Sisi ba-Protestanti hatunywe kasiksi. Tunaibeba tu.

"Koko! Nani amekufa?" Melchior akasimama.

"Wacha haraka, utakufa weye wa kwanza. Niko na komunike. Lakini leo ile wimbo ya Abigaïl, hapana kuzungumuza juu yake. Iache ilie mpaka iishe, njo usome."

"Mais Koko, batu batangoja yote ile?"

"Mutu mwenye kuogopa jina, anangoja."

Akasoma karatasi yangu. Akanusa bidon. Akasoma tena. "Na bakinifukuza kazi?"

"Utakuja kuchunga mbuzi."

Saa sita, saksofoni ikalia. Radio yangu ilikuwa juu ya benchi, mu kiwanja. Adèle akafunga butike, akaingia mbio. Jirani yetu Jokébed akaingia na mutoto mu mugongo. Abigaïl alikuwa amekaa pa ngazi, gita mu mufuko, anangoja kamio.

Wimbo ikaendelea na maneno yake. Viazi ya Alimbongo, yenye inatoka mu udongo na baridi yake. Mama anachambua maharagi, anahesabu sahani, anaweka moja ya zaidi.

"Melchior amelala?" Jokébed akauliza.

"Nyamaza! Jina inakuja."

Bakasikiliza bote. Abigaïl akainua kichwa, akabaangalia, moja na mwingine.

Na pale mwisho sauti yake ikaacha, saksofoni ikabakia peke yake. Ikapiga muluzi. Fupi, fupi, ndefu. Ananie alikuwa anapiga vile akifika na kamio, juu nimufungulie mulango ya lupango, kiwanja yetu.

Miguu yangu ikasimama. Sikuiomba. Nikajikuta pa mulango, mukono juu ya komeo, na kule nyuma Melchior anasoma:

"Komunike. Familia Maliro ya hapa Butembo inajulisha ndugu na marafiki ya Beni, Vuhovi na Kasindi kama leo kwao hakuna mutu amekufa. Mbuzi yao njo imezaa. Batoto ni babili. Matanga hapana. Mutu asilete kiti."

"Weye Koko, mwenye zambi!" Adèle akapiga kelele. "Nimefunga butike juu ya mbuzi! Na kitambaa niliisha kuvaa!"

Jokébed alicheka mpaka mutoto akaanza kulia mu mugongo.

Miye nilikuwa bado pa mulango. Komeo ilikuwa baridi. Nilisikia ile baridi mu vidole, kimoja kimoja.

"Koko," Abigaïl akasema, karibu yangu, "unafanya nini hapa?"

"Ninaangalia mbuzi."

"Mbuzi iko nyuma ya jikoni."

Inje, kamio ikapiga honi. Lusenge akaita, "Mutu wa Kasindi iko wapi?"

Abigaïl aliangalia mukono yangu kwenye komeo.

"Enda tu, Papa Lusenge!" akajibu. Akafungua mufuko, akatoa gita. "Mwisho yake hukuijua, Koko."

"Sikuijua. Lakini ule muluzi wa tatu ni murefu sana. Ambia Éliakim akate. Ananie hakukuwa na subira ile yote."

Mukono bado sikuutoa.