Bonde la Kidole Gumba

Kosa ni langu. Nasema mwenyewe mapema, maana mkisubiri mke wangu awasimulie, mtakuta chumvi imezidi mboga. Nilitaka kufungua kopo la rangi nipake mlango wa jikoni. Bisibisi nilikuwa nayo, ila nyundo ilikuwa uani, hatua kumi na moja nzima. Mezani kulikuwa na kisu cha kukunja cha mama mkwe, kizito, kimejilalia tu. Nikakishika kikiwa kimekunjwa, nikagongea bisibisi mara moja, mara mbili. Ya tatu, kilichofunguka si kopo, ni kisu. Mbao zote mbili za mpini zilipasuka vipande vipande, nikabaki na ubapa na mabati yake ya shaba mkononi, kama samaki aliyeliwa akabaki miiba.

Sasa, mama mkwe amefanya kazi kwenye vitalu vya miche miaka thelathini, na mpaka leo watu humletea miche ya milimau aibebeshe michungwa. Anakata mche, anachonga kijiti cha mchungwa mzuri, anakipachika kwenye jeraha lile na kufunga kwa utepe wa nailoni. Kisu hicho ndicho mkono wake wa tatu. Bahati yangu, saa hiyo alikuwa chumbani anajipumzisha.

Hapo nikafanya kosa la pili, ambalo ndilo kubwa. Nilifagia vile vipande nikavitia kwenye mfuko wa taka, na gari la taka likapita saa hiyo hiyo, utadhani tulipatana. Mama alipoamka nikamwambia, "Mama, mpini wa kisu chako umejiachia wenyewe. Mbao zilishaoza. Usijali, nitakuwekea mpya."

Akaniangalia. "Umejiachia."

"Uzee, mama."

"Haya. Uzee hauna dawa."

Kazi ile niliifanya kwa moyo wote, sitanii. Mimi ni mpimaji wa ardhi, nina diploma, na penseli yangu hukaa imechongwa. Nilichukua mguu wa kiti kilichovunjika, mti mwekundu mgumu, nikapasua vibao viwili vyembamba. Nikalaza bati la shaba juu ya kila kibao, nikachora, nikakata, nikatoboa matundu matatu matatu. Nikapaka gundi, nikapitisha vijiti vya shaba na kuvigonga taratibu, safari hii kwa nyundo, mpaka vichwa vikatanuka vikakamata. Halafu tupa, halafu msasa, halafu mafuta. Unene nilipima kila upande: milimita nane na nusu, kulia na kushoto. Kiling'aa kama kiatu cha bwana harusi.

Mama akakigeuzageuza. "Kizuri, Milimita," akasema. Ndilo jina alilonipa tangu siku nilipopima kitanda chake mara tatu na bado kikagoma kupita mlangoni.

Kesho yake asubuhi akakaa kibarazani na miche arobaini. Vijiti vya mchungwa vilikatwa siku iliyotangulia, vimeviringishwa kwenye kitambaa kibichi. Zikipita siku tatu basi, vimekauka. Mimi nilijiweka karibu, nasubiri sifa. Mche wa kwanza, kisu kikateleza. Wa pili, jeraha likatoka na mawimbi. Kijiti na mche vinatakiwa vilaliane kabisa. Hivi viliachana kama majirani waliogombania uzio. Kufika wa sita, Mama akafuta ubapa kwenye aproni, akakunja kisu, akakiweka kando.

"Mkono umekwisha," akasema. Hakunung'unika, alisema kama mtu anayesema sukari imekwisha. "Umesema kweli, mwanangu. Uzee. Mpigie mwenye miche aje aichukue, atafute mtu mwenye vidole."

Simu nilikuwa nayo mkononi. Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kidole gumba chake. Kilikuwa kinatembea juu ya ule mpini wangu, juu, chini, kinatafuta, kama mtu anayepapasa swichi kwenye nyumba aliyohamia jana. Ndipo nikazikumbuka mbao za zamani. Upande mmoja ulikuwa na bonde, limelika kwa miaka thelathini ya gumba lile lile. Na mimi, mtaalamu, nimelisawazisha.

"Mama, mkono wako ni mzima. Kisu nilikivunja mimi. Niligongea kopo la rangi."

Akanigeukia. "Na kopo lilifunguka?"

"Hapana."

Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akaacha ghafla, akanipiga kofi la bega, na si la utani. "Miche sita, mwanangu! Miche sita naua huku najilaumu mwenyewe. Niache kazi yangu kwa ajili ya kopo?"

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe kisu kikikata. Leta vile vipande nikuonyeshe gumba linakaa wapi."

"Nilivitupa."

"Diploma!" akasema, kama mtu anayetaja jina la ugonjwa.

Ikabidi tutumie sabuni ya kufulia. Nililoweka kipande kwenye maji ya moto mpaka kikalainika, akakikamata kama anavyokamata kisu, akakaza, akaachia. Bonde hilo hapo, limekaa mbele zaidi kuliko nilivyodhani, limeinama upande mmoja. Nikachukua tupa ya mviringo. Rula nikaiacha kwenye begi. Nachonga kidogo, nampa, anafumba macho, anasema, "Bado." Nachonga, nampa. "Bado. Una haraka ya wapi, na kopo lenyewe halijafunguka?" Mara ya saba au ya nane alifumbua macho. Alivuta mche.

Kisu kikapita mara moja tu. Jeraha likatoka refu, laini, bila wimbi. Akapachika kijiti, akafunga utepe, akanyoosha mkono kuchukua mche mwingine bila hata kuniangalia, nami nikapumua.

Mke wangu aliporudi kutoka kazini, ilikuwa imebaki miche minne. Akakaa pembeni ya mama yake, akawa anakata utepe huku anasimuliwa, na chumvi ikaongezwa na pande zote mbili. Nikaona bora niende zangu jikoni. Mlango haujapakwa, kopo liko pale pale na bisibisi kando yake. Mama aliponiona nimeinuka, akakikumbatia kisu kifuani kwa mikono miwili.

"Jamani," nikaita kupitia dirishani, "aliye karibu na nyundo anisogezee."

Utepe ukakatwa. Mche ukawekwa chini, mwingine ukachukuliwa.

"Jamani? Nyundo tu."