Zilizobaki Baada ya Bandia

Maada ya giza ndiyo inayozishikilia galaksi zisitawanyike, lakini hakuna aliyewahi kuiona. Wataalamu wamebashiri chembe nyingi zinazoweza kuwa ndiyo hiyo. Wengine walikimbilia aksioni, nyepesi kupita kiasi. Wengine neutrino tasa, chembe isiyohisi chochote ila mvutano. Profesa alichagua wimpi, chembe nzito inayopenya miamba na miili bila kugusa kitu, ila kwa nadra mno. Alikokotoa uzito wake, akautetea hadi akaota mvi. Kaka yake, muuza misumari, alimwita Kichwa Kigumu.

Binti wa kaka huyo alifanya kazi kwenye mtambo wa kuisaka chembe hiyo, pipa la gesi ya zenoni iliyopozwa hadi kuwa kimiminika, chini ya mlima, linalotoa alama ya mwanga chembe ikigonga ndani yake. Huko, mkuu wa uchambuzi huchomeka alama za bandia kati ya zile za kweli, na ni yeye tu anayezijua. Huziondoa hesabu zikishafungwa, ili mtu asizipinde zifuate matamanio yake. Kabla ya hapo, mdomo koma.

Lakini binti aliona alama nne, zote kwenye uzito ule aliokokotoa shangazi yake Profesa, na shangazi alikuwa hoi kwa maradhi ya mapafu. Akamnong'oneza. Profesa alilia kimya.

Hesabu zilipofungwa na mkuu akazitaja alama zake, zote nne zilikuwa za bandia.

Baba yake alimzuia mlangoni mwa chumba cha mgonjwa.

"Usithubutu. Tangu umwambie, anakula. Jana kanitania, eti nitampokelea tuzo kwa mikono yangu ya kutu. Mwache dada yangu aende na chake."

"Atakwenda na uongo, baba."

"Nani atamuuliza huko?"

Binti akashika kitasa cha mlango.

"Nyie majogoo," sauti ilitoka ndani, "mnadhani nimekufa masikio? Mwanangu, ingia. Mmeshazitoa za bandia?"

"Tumezitoa, shangazi."

"Zimebaki ngapi?"

"Hakuna."

Profesa alifumba macho. Kaka yake akaketi kitandani, akamshika mguu juu ya shuka.

"Basi kwenye uzito ule haipo," Profesa alisema. "Ulinipa furaha usiyokuwa na haki ya kuitoa. Usimfanyie mwingine." Akavuta pumzi kwa shida. "Haya, niambie mmeufuta uzito upi na upi. Anzia chini. Polepole."

Binti akaanzia chini. Kwa kila uzito Profesa aliitikia, "Ehe," na kaka yake, asiyeelewa hata neno moja, akawa anaitikia naye.