Kanga ya Bi Mwanabaraka na Sonata ya Filimbi

Tandika nzima inajua kwamba Bi Mwanabaraka hakai kitini. Shughuli ikiwa na taarabu, mstari ukimgusa tu, huyo anainuka, anakwenda mbele kwa madaha, anamtunza mwimbaji fedha, anarudi akijipepea. Waimbaji wenyewe humwangalia yeye. Asipoinuka, wanajua wimbo umelala.

Sasa Salma, mtoto wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu hajaota meno, si akaenda kuchagua muziki usio na mistari! Anapuliza filimbi ya chuma, na mwenzake Jonas, mpiga piano wa kanisani, amemtungia sonata: filimbi na piano basi, hakuna ngoma, hakuna maneno, na katikati kuna mahali wote wawili wananyamaza. Siku waliyofanya mazoezi uani na kinanda cha kubeba, Bi Mwanabaraka alisikiliza weee, kisha akauliza kwa upole kama wameshaanza au bado wanajaribu vyombo. Jonas akacheka. Salma hakucheka. Dunia nzima ingeweza kumpigia makofi, lakini aliyemtaka yeye ni huyu mmoja.

Na huyo mmoja ndiye Salma aliyemkataza kuinuka. Maana kwenye mahafali ya shule shangazi alimfuata jukwaani katikati ya wimbo, akamvisha kanga shingoni, filimbi ikanasa humo humo, watu wakavunjika mbavu. Safari hii Salma alimwomba akae mpaka mwisho, na Bi Mwanabaraka akaapa kwamba atakaa. Wasanii nao, jamani! Anataka shangazi aguswe, na hataki ainuke.

Jumamosi ya onyesho lao, ukumbi mmoja wa Mikocheni ukajaa. Salma alimwona shangazi yake safu ya tatu, ametulia kwenye kiti cha plastiki, kanga kiunoni. Wakaanza. Filimbi ikapanda, piano ikaikatiza, wakakimbizana, wakagombana, mpaka wakafika pale pa kunyamaza. Salma akateremsha filimbi, na macho yakamponyoka yakaenda safu ya tatu. Bi Mwanabaraka alikuwa ameinamisha kichwa, hatikisiki. Amelala, Salma akawaza, na roho ikamuuma. Noti iliyofuata ikatoka upepo mtupu. Wajuzi waliokaa mbele wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Walidhani imeandikwa hivyo.

Mwisho watu wote wakasimama kushangilia, hata mlinzi wa mlangoni. Bi Mwanabaraka peke yake akabaki kitini. Salma akatabasamu kama inavyotakiwa, akaenda nyuma ya pazia, akalia.

Watu walipotoka, shangazi bado alikuwa pale pale. Salma akamwendea akijifanya hajali.

"Haikukugusa, shangazi. Sema tu."

"Njoo unifungue kwanza."

Kumbe! Bibi wa watu alikuwa anajijua. Kabla hawajaanza alijifunga kanga kiunoni, akaipitisha kwenye mgongo wa kiti, akapiga mafundo mawili, ili nafsi ikimsaliti kiti kimshike. Salma akapiga magoti nyuma yake, akahangaika na yale mafundo, kucha hazikupita. Mikono ya mtu haikazi hivyo. Yamekazwa na mwili mzima uliotaka kuinuka, kiti kikaushika.

"Ulitaka kuinuka wapi?" akauliza.

"Pale mliponyamaza." Bi Mwanabaraka hakugeuka. "Mie palinikata maini. Nikamkumbuka baba yako."

Jonas akaja na mkasi. Salma akamrudisha kwenye piano. Akachukua filimbi yake, wakaanza nyuma kidogo, wakafika pale, wakanyamaza. Na katika kimya kile, taratibu, kwa madaha yake yote, Bi Mwanabaraka akainuka na kiti chake mgongoni, akaja mbele kutunza.