Kukata Uwanja

Kesho yake saa nne asubuhi Ermes, mwenye miaka sitini na tatu na magoti yanayolia kama bawaba, alitakiwa asimame mbele ya maprofesa wa chuo kikuu cha Bologna aitetee tasnifu yake juu ya mto wa Aposa. Usiku huo alishindwa kumaliza tortelini, tambi zake za kujazwa nyama. Dada yake Nives akaliangalia bakuli, akamwangalia na yeye, akachukua koti.

“Vaa viatu. Anayeacha tortelini za mchuzi ni mgonjwa au ana mpenzi. Na wewe kwa sura hiyo, mpenzi utamtoa wapi?”

Wakatoka. Ilikuwa Novemba, mawe ya barabarani yanateleza kwa unyevu. Kila uwanja walioufikia, Nives aliugeuza chumba cha mtihani. Pale uwanja wa San Francesco, wanafunzi wamekaa chini na chupa zao za bia, akajikalisha kwenye benchi, akakunja nne, akakohoa kiprofesa.

“Mtahiniwa! Huo mto wako wa Aposa uko wapi? Mimi naona mawe tu.”

“Uko chini ya mawe, dada. Walijenga juu yake.”

“Na wewe nani kakuonyesha?”

Alijionyesha mwenyewe. Alipostaafu gereji ya mabasi, Ermes aliingia kundi la wale wazee wanaosimama nje ya uzio wa ujenzi, mikono nyuma, wakiwasahihisha mafundi wasioomba kusahihishwa. Siku moja mafundi wakachimba, akaona tao la matofali na maji yanapita chini yake. Wenzake walirudi nyumbani kula. Yeye akaenda kujiandikisha chuoni upya.

Uwanja wa Galileo wakaupita Ermes anajibu, anajibu vizuri tu, hadi wakatokea kwenye uwanja mkuu, pale kwenye sanamu ya Neptuni, mungu wa bahari. Nives akaingia moja kwa moja katikati, akajizungusha kama msichana juu ya jukwaa la mawe lililo pale kati, akarudi. Ermes alikuwa amejibanza ukutani.

“Njoo, mdogo wangu! Haukung'ati!”

“Niache.”

Kila mwanafunzi wa mji huo anajua: ukiukata uwanja mkuu katikati kabla hujahitimu, hutahitimu. Ermes akiwa na miaka ishirini na moja alinyeshewa na mvua, akaukata mbio kutoka kona ya kanisa, upande wa pili, hadi kwa Neptuni. Mwaka huo akafeli hesabu mara tatu, akaishia gereji. Nives alikuwa na maelezo yake: mwaka huo Ermes hakufungua kitabu hata kimoja, alikuwa anacheza karata.

Wakafika chini ya kuba la Podestà, jumba la zamani la watawala wa mji, pale ambapo ukiunong'oneza ukuta wa kona moja, aliye kona ya pili anakusikia kama umemkalia begani. Nives akamsukumia kona yake, akaenda ya kwake. Sauti ikashuka kwenye matofali.

“Mtahiniwa, una lolote la kusema?”

Ermes akauambia ukuta jambo alilokuwa amelificha siku mbili.

“Dada, kesho siendi. Barua ya kujitoa ninayo mfukoni. Mtu aliyeukata uwanja ameshaukata. Niende nikaaibike mbele ya watoto?”

Ermes alisubiri abembelezwe, hakubembelezwa. Alisubiri atukanwe, hata hilo halikuja. Ndipo Nives akatoka kuelekea kwa Neptuni, akisema kivivu, kama mtu aliyechoka:

“Basi usiende. Afadhali. Maana na mto wenyewe umeukosea. Unapita hapa, chini ya Neptuni. Kila mtu anajua.”

“Nini?”

“Hapa. Chini ya miguu yangu.”

“Nani mjinga kakwambia?”

“Muuza magazeti.”

“Muuza magazeti!” Ermes alimfuata, akamkamata mkono wa koti. “Njoo! Njoo nikuonyeshe! Maji yanatoka vilimani kule, umenielewa? Yanapita nyuma ya kanisa, kule upande wa pili, chini ya uwanja wa Minghetti, halafu ndiyo yanapinda! Neptuni, Neptuni gani! Yangepandaje huku, kwa ngazi?”

Alimburuta huku anachora hewani, magoti yamesahau kulia, hadi kona ya kanisa. Hapo akaona Nives amefunika mdomo, mabega yanatikisika.

Ermes akageuka nyuma. Neptuni alikuwa mbali kule, ng'ambo ya uwanja, mdogo kama kidole.

“Umenitega.”

“Nimekutega. Unadhani maprofesa watakuweza? Mimi tu ulitaka kuning'oa mkono.”

Ermes alianza kuhesabu kwa vidole, midomo inacheza.

“Mwaka ule nilitoka kanisani kwenda kwa Neptuni.”

“Enhe.”

“Leo nimetoka kwa Neptuni kuja kanisani. Kwa hiyo nimeifuta laana.”

“Nani kakwambia sheria iko hivyo?”

“Nani kakwambia haiko hivyo? Una chanzo? Taja ukurasa!”

Ermes akatoa barua ya kujitoa, akamkabidhi Nives kama mtu anayempa mwenzake takataka amshikie.

“Haya, mheshimiwa, twende ukalale,” Nives akasema, akaanza kukatiza kuelekea nyumbani.

“We! Una wazimu? Nikikata tena naharibu!”

Wakazunguka uwanja mzima kwa pembeni, chini ya matao, Nives analaani miguu yake, Ermes mbele, anamhimiza amuulize swali lingine, gumu zaidi.